Shamba, Mpaka na Sensa: Historia ya Mji wa Sumbawanga na Wakazi Wake katika Nyanda za Juu za Ufipa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya mji wa Sumbawanga na mabadiliko ya idadi ya wakazi wake kuanzia enzi za dola za Wafipa hadi Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Hoja kuu ni kwamba Sumbawanga ni mji uliozaliwa na kulishwa na mashamba yanayouzunguka, na kwamba takwimu za wakazi wake haziwezi kufasiriwa ipasavyo bila kuzingatia historia ya mipaka ya kiutawala. Makala yanaonesha kuwa dhana ya kwamba mji huu ni matokeo ya uamuzi wa serikali wa mwaka 1974 peke yake haitoshelezi, kwa kuwa sababu za watu kukusanyika katika eneo hili zilitangulia uamuzi huo kwa muda mrefu.

1.0 Utangulizi

Sumbawanga ni makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania. Mji upo katika nyanda za juu za Ufipa, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, baina ya maziwa mawili yaliyo chini sana yake: Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Safu ya milima ya Mbizi inautenganisha mji na Bonde la Rukwa. Hali ya hewa ni ya baridi kiasi, na sehemu kubwa ya ardhi ni mbuga ya nyasi yenye miti michache.

Katika mazungumzo ya kawaida nchini, Sumbawanga hutajwa kwa mambo mawili: mahindi na uchawi. Jambo la kwanza ni la kweli, lakini historia yake huelezwa kwa ufupi mno. Jambo la pili limetokana kwa kiasi kikubwa na jina la mji na limeufunika mji wenyewe. Kati ya mambo hayo mawili, swali la msingi la historia ya jamii huachwa bila jibu: je, watu wa Sumbawanga walitoka wapi, walikusanyika hapo kwa sababu gani, na wanapohesabiwa, ni nani hasa anayehesabiwa kuwa mkazi wa mji?

Swali hili lina uzito wa kivitendo. Mipango ya maji, shule, zahanati na upimaji wa viwanja hutegemea idadi ya watu. Iwapo idadi hiyo inasomwa kana kwamba mji ni kisiwa kilichotengwa na vijiji, mipango hiyo itakosea.

2.0 Makazi ya Wafipa kabla ya Ukoloni

2.1 Milansi, Nkansi na Lyangalile

Utafiti wa mwanaanthropolojia Roy Willis, hasa kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu kuundwa kwa dola katika Ufipa, umeonesha kuwa masimulizi ya Wafipa huanzia Milansi, kijiji kinachohusishwa na mtawala wa kwanza, Ntatakwa. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, wanawake wageni wa ukoo wa Watwa walifika Milansi wakati mtawala hayupo nyumbani na kukitwaa kiti cha utawala. Tangu hapo mamlaka yaligawanyika: watawala wa Milansi walibaki na heshima ya kiibada juu ya ardhi, na Watwa wakashika mamlaka ya kisiasa. Baadaye utawala wa Watwa uligawanyika na kuzaa dola mbili, Nkansi na Lyangalile, kila moja ikiwa chini ya mfalme wake aliyeitwa mweene.

Masimulizi haya yana umuhimu wa pekee kwa historia ya mji. Jina la Milanzi limebaki hadi leo kama jina la kata ndani ya Manispaa ya Sumbawanga. Hivyo eneo ambalo serikali ya karne ya 20 ililichagua kuwa kitovu cha utawala halikuwa pori tupu. Lilikuwa jirani na kitovu cha kale kabisa katika kumbukumbu za Wafipa. Hii haina maana kwamba Sumbawanga ni mwendelezo wa moja kwa moja wa Milansi. Maana yake ni kwamba sifa zilizowavuta watu wa kale kwenye eneo hilo, yaani maji, udongo na njia za kuvuka nyanda za juu, hazikutoweka.

2.2 Kilimo cha matuta na vijiji vya kudumu

Sababu ya watu kuweza kuishi pamoja katika vijiji vikubwa inapatikana katika kilimo. Majirani wengi wa Wafipa waliokaa katika misitu ya miombo walikata na kuchoma matawi ya miti ili kupata majivu ya kurutubisha mashamba, kisha wakahama udongo ulipochoka. Katika mbuga za Ufipa miti haikutosha kwa mtindo huo. Wafipa walibuni kilimo cha matuta ya mviringo. Mvua zinapokaribia kwisha, nyasi hufukiwa chini ya udongo kwa jembe na kuacha matuta ambayo juu yake hupandwa mazao kama maharage. Nyasi huoza ndani ya tuta na kuwa mbolea. Msimu unaofuata matuta husawazishwa, na ulezi, zao kuu la chakula la zamani, hupandwa juu ya udongo uliorutubishwa.

Mfumo huu ulikuwa na matokeo ya kidemografia. Kwa kuwa rutuba ilitengenezwa palepale shambani, kijiji hakikulazimika kuhama mara kwa mara. Ndiyo maana wachunguzi mbalimbali wamebainisha kuwa Wafipa waliishi katika vijiji vilivyosongamana kuliko ilivyokuwa kawaida katika sehemu nyingi za jirani. Tabia ya kukaa pamoja, ambayo sera za baadaye zilijaribu kuipandikiza kwingineko nchini, hapa ilikuwa na mizizi ya siku nyingi.

2.3 Chuma na nguo

Kilimo hicho kilihitaji jembe, na jembe lilihitaji chuma. Wafipa walikuwa mafundi hodari wa kuyeyusha chuma katika tanuri refu za udongo zilizoitwa malungu (umoja: ilungu), ambazo zilitumia mvuto wa asili wa hewa bila kuvukutwa. Chuma kilichopatikana kilisafishwa katika tanuri dogo lililotumia mivukuto. Aidha, nguo za pamba zilifumwa na kuuzwa. Mpelelezi Joseph Thomson, aliyepita Ufipa mwaka 1880 na kukutana na Kapufi, mfalme wa Nkansi, aliwasifu wenyeji kwa amani na bidii yao ya kazi. Ni kweli kwamba sifa za wapelelezi wa Ulaya hazina budi kusomwa kwa tahadhari, kwa kuwa mara nyingi walilinganisha jamii moja na nyingine kwa vigezo vyao wenyewe. Hata hivyo, ushahidi wa jembe, nguo na vijiji unaafikiana na picha ya jamii ya wakulima iliyotulia.

3.0 Misukosuko ya Karne ya 19

Utulivu huo haukukosa kuvurugwa. Wangoni waliotoka kusini mwa Afrika chini ya Zwangendaba walifika Ufipa katika miaka ya 1840, na Zwangendaba mwenyewe alifia Ufipa, mahali paitwapo Mapupo. Kifo chake kilifuatwa na mfarakano uliowagawa Wangoni katika makundi yaliyotawanyika kuelekea kaskazini, mashariki na kusini. Kwa Wafipa, kuondoka kwao kulikuwa nafuu. Katika kipindi kilichofuata vijiji vilirejea katika hali yake na biashara ikapanuka.

Katika miongo ya mwisho ya karne hiyo, Lyangalile ilikumbwa na mashambulizi ya Kimalaunga, mbabe wa vita aliyejijengea nguvu kwa bunduki na uporaji hadi Wajerumani walipomwondoa katika miaka ya 1890. Muongo huohuo uliiletea Afrika Mashariki sotoka iliyoangamiza ng'ombe, na mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliwakumba wakazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kwa jumla, misukosuko hii iliathiri zaidi mabonde na mwambao. Nyanda za juu, zenye baridi na zisizo na mbung'o wengi, ziliendelea kuwa kimbilio.

4.0 Ukoloni: Kutoka Ziwani hadi Nyanda za Juu

4.1 Kituo cha utawala

Wajerumani walilitazama eneo hili kutokea ziwani. Kituo chao kikuu kilikuwa Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga, bandari iliyo kusini mwa Ziwa Tanganyika. Uchaguzi huo ulifuata mantiki ya meli na ulinzi wa mpaka. Haukufuata mahali watu walipokuwa wengi. Majeshi ya Uingereza yaliitwaa Bismarckburg mwaka 1916, na baada ya vita utawala wa Waingereza ulihamia nyanda za juu, ambako Namanyere ilitumika kama kituo kabla ya nafasi hiyo kuchukuliwa na Sumbawanga.

Kuhama huku kutoka ziwani hadi nyanda za juu ni tukio la msingi katika historia ya mji, ingawa kwa kawaida hupewa aya moja tu. Utawala usio wa moja kwa moja, uliowekwa kisheria mwaka 1926, uliwahitaji machifu, na kodi iliwahitaji walipa kodi. Wote hao walikuwa juu, katika vijiji vya wakulima. Kwa maneno mengine, serikali haikuwaleta watu Sumbawanga. Serikali iliwafuata watu.

4.2 Misheni

Kanisa Katoliki lilipitia mkondo uleule. Mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika walipokea kituo cha Karema, mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885 kutoka kwa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika iliyoongozwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Kutoka Karema, misheni zilipanda taratibu hadi Ufipa. Kathleen Smythe, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu familia za Wafipa wa Nkansi, ameeleza jinsi shule, ndoa ya Kikristo na malezi ya misheni vilivyoingia katika mahusiano ya kifamilia bila kuyafuta. Jimbo la Karema lililoundwa mwaka 1953 lilibadilishwa jina na kuwa Jimbo la Sumbawanga mwaka 1969, miaka mitano kabla ya serikali kuunda mkoa. Mfuatano huu wa tarehe ni ushahidi kwamba mji ulikuwa umekwisha kuwa kitovu cha jamii kabla haujatangazwa kuwa makao makuu ya mkoa.

4.3 Kuondoka kwa vijana

Ukoloni haukujenga mji mkubwa Ufipa. Reli ya kati ilipita mbali kaskazini, na zao kubwa la biashara halikuwapo. Kodi ilitakiwa kulipwa kwa fedha, na fedha ilipatikana mbali: katika mashamba ya mkonge ya mashariki mwa Tanganyika na katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Ufipa ikawa mojawapo ya maeneo yaliyotoa manamba. Athari yake ni kwamba nguvukazi ambayo ingeweza kukuza mji wa nyumbani ilikuza uchumi wa kwingine, huku kilimo cha chakula kikiachwa zaidi mikononi mwa wanawake na wazee. Hadi uhuru, Sumbawanga ilibaki mji mdogo wa boma, maduka, misheni na soko.

5.0 Jina la Mji

Maelezo yanayojulikana zaidi kuhusu jina la Sumbawanga ni kwamba limetokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya "tupa uchawi". Inasimuliwa kuwa aliyetaka kuingia aliamriwa kwanza kuacha hirizi na dawa zake. Maelezo haya ni masimulizi ya asili ya jina na yapaswa kuchukuliwa hivyo. Kinachostahili kuzingatiwa ni jinsi yalivyogeuzwa. Maana ya jina ni katazo: uchawi uachwe nje. Nje ya Ufipa jina lilisikika katika masikio ya wasemaji wa Kiswahili, ambao tayari walikuwa na vitenzi na majina kama "kuwanga" na "mwanga", na likachukuliwa kuwa sifa ya mahali. Mji uliojitambulisha kwa kuukataa uchawi ukaja kujulikana kwa uchawi.

Historia ya karibuni inaunga mkono usomaji wa kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vuguvugu la kupinga uchawi lililojulikana kama Kamcape, ambalo Willis alilichambua katika makala yake ya mwaka 1968, lilipita katika vijiji vya Ufipa likiwataka watu wasalimishe dawa na pembe zao. Willis alilihusisha vuguvugu hilo na migongano ndani ya kijiji katika kipindi cha mabadiliko ya haraka. Kwa hiyo, wito wa "tupa" haukuwa ngano ya kale tu. Ulikuwa lugha ambayo jamii iliyoishi kwa msongamano iliitumia kurejesha maelewano.

6.0 Mkoa, Mahindi na Barabara

Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974 kwa kuunganisha Sumbawanga iliyotoka Mkoa wa Mbeya na Mpanda iliyotoka Mkoa wa Tabora. Sumbawanga, ikiwa makao makuu, ilipata ofisi, nyumba za watumishi, hospitali na shule. Watumishi kutoka mikoa mingine walihamia, na Kiswahili kikazidi kuwa lugha ya mjini bila kukiondoa Kifipa sokoni na nyumbani.

Hata hivyo, ofisi peke yake hazijengi mji wa maelfu. Nguvu ya pili ilikuwa mahindi. Katika miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, kwa maana kwamba mkulima wa Ufipa alilipwa sawa na mkulima wa karibu na Dar es Salaam, na gharama ya usafirishaji ikabebwa na Shirika la Usagishaji la Taifa. Pamoja na mbegu bora na mbolea ya ruzuku, sera hiyo iliifanya Rukwa kuwa mmoja wa mikoa minne mikubwa ya mahindi, sambamba na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Mahindi yakachukua nafasi ya ulezi katika mashamba mengi. Reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya muongo huo, ilipita Tunduma na kuufungulia mkoa njia ya kutokea.

Ununuzi wa mazao ulipolegezwa masharti katika miaka ya 1980 na 1990, umbali ulirudi kuwa adhabu. Bei ya gunia iliamuliwa na hali ya barabara, na wakati wa masika malori yalikwama. Kwa sababu hiyo ujenzi wa barabara ya lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, uliopata fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, una nafasi katika historia ya wakazi isiyo ndogo kuliko ile ya kuundwa kwa mkoa. Lami iliwaleta wafanyabiashara wa nafaka, wenye mashine za kusaga na kukoboa, mawakala wa pembejeo na wajenzi. Iliwawezesha pia wakulima wa kata za pembezoni kuuza mjini na kulala nyumbani.

7.0 Takwimu za Wakazi na Tatizo la Mpaka

7.1 Mkoa uliopungua bila watu kupungua

Eneo la mkoa lilikuwa na takriban watu 276,000 mwaka 1967, 452,000 mwaka 1978 na 695,000 mwaka 1988. Ongezeko hili la zaidi ya asilimia 4 kwa mwaka lilizidi wastani wa taifa. Sehemu yake ilitokana na wakimbizi wa Burundi waliopewa makazi Katumba na Mishamo katika miaka ya 1970, yote mawili yakiwa upande wa Mpanda. Ongezeko hilo halikuwa la Ufipa, ingawa liliandikwa chini ya jina la Rukwa.

Mwaka 2002 mkoa ulikuwa na zaidi ya watu milioni 1.1, lakini mwaka 2012 ulihesabiwa kuwa na watu 1,004,539. Msomaji asiyejua historia angehitimisha kuwa watu walipungua. Ukweli ni kwamba Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka huohuo wa 2012, ukiwa na watu 564,604. Mikoa hiyo miwili kwa pamoja ilikuwa na watu 1,569,143. Kilichopungua ni eneo.

7.2 Mji na vijiji vyake

Wilaya ya mjini ya Sumbawanga ilikuwa na wakazi 147,483 mwaka 2002. Manispaa ilihesabu wakazi 209,793 mwaka 2012 na 303,986 mwaka 2022. Huu ni wastani wa ongezeko la takriban asilimia 3.6 kwa mwaka katika muongo wa kwanza na 3.8 katika muongo wa pili. Kwa kipimo chochote, mji unakua.

Hata hivyo, ukuaji huo ukilinganishwa na ule wa mkoa, picha hubadilika. Halmashauri zilezile nne zilizohesabiwa mwaka 2012, yaani Manispaa ya Sumbawanga, Sumbawanga Vijijini, Kalambo na Nkasi, zilihesabiwa tena mwaka 2022, na jumla ya mkoa ikafika 1,540,519. Halmashauri tatu zisizo za mjini zilikuwa na jumla ya watu 794,746 mwaka 2012 na 1,236,533 mwaka 2022, sawa na ongezeko la takriban asilimia 4.5 kwa mwaka. Sehemu ya Manispaa katika idadi ya watu wa mkoa ilishuka kutoka asilimia 20.9 hadi 19.7.

Matokeo haya yanakwenda kinyume cha matarajio ya kawaida kwamba mji hukua kwa kuvikausha vijiji. Maelezo yake ni matatu. Kwanza, mikoa ya magharibi ina viwango vya uzazi vilivyo juu ya wastani wa taifa, hasa vijijini. Pili, Bonde la Rukwa limeendelea kupokea wahamiaji, wakiwamo wafugaji na wakulima Wasukuma waliotafuta malisho na ardhi tangu miongo ya mwisho ya karne ya 20. Tatu, miji midogo kama Matai, Namanyere na Laela imechukua sehemu ya shughuli ambazo zamani zilimlazimu mtu kufika Sumbawanga.

7.3 Nani ni mkazi wa mji?

Mpaka wa Manispaa unajumuisha kata zenye sura ya kijiji, kama Milanzi, Mollo, Ntendo na Pito, ambako familia hutegemea shamba kwa chakula na kipato. Kwa hiyo namba 303,986 haiwakilishi watu wanaoishi katika mitaa iliyopangwa. Ndani yake wamo wakulima wanaohesabiwa mjini kwa sababu ya mstari wa ramani. Vilevile, wamo watumishi na wafanyabiashara wa mjini wanaolima vijijini, nje ya mpaka huo. Mstari unawatenganisha watu ambao uchumi wao haujatengana.

Hapa ndipo penye hatari ya kisera. Kata ya pembezoni inapotangazwa kuwa ya mjini, ardhi yake huingia katika upimaji wa viwanja, na shamba la matuta hugeuka kuwa kiwanja cha mtu mwingine. Takwimu itaonesha ukuaji wa mji. Haitaonesha kuwa kaya imepoteza njia yake ya kuishi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa historia ya wakazi wa Sumbawanga ni historia ya nyanda za juu zilizoweza kuwalisha watu wengi mahali pamoja. Kilimo cha matuta kiliwezesha vijiji vya kudumu. Vijiji hivyo viliwavuta watawala na wamisionari kutoka ziwani. Mahindi na barabara vikaugeuza mji wa boma kuwa mji wa soko. Uamuzi wa mwaka 1974 uliharakisha mwendo uliokuwa umekwisha kuanza.

Kuhusu takwimu, imebainika kuwa kila namba ya wakazi wa Rukwa na Sumbawanga hubeba mpaka wa wakati wake, na kwamba kati ya mwaka 2012 na 2022 vijiji vilikua kwa kasi kuliko mji. Mipango inayochukulia kuwa mustakabali wa mkoa upo mjini peke yake haina msingi katika takwimu hizo. Uchunguzi wa ngazi ya kata, unaotenganisha kaya zinazoishi kwa shamba na zile zinazoishi kwa mshahara au duka, ndio utakaoonesha kwa usahihi zaidi mji huu ni wa nani na unaelekea wapi.